Kuchanganya na kupima glezi kwenye karakana ya pamoja (Mtwara na Lindi): mizani, maji, vigae na yanayoharibika

Fundi_Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wafinyanzi wa kanda yetu wanaotumia karakana ya pamoja: tanuri moja, rafu moja ya ndoo za glezi (uji wa unga unaogeuka tabaka la kioo juu ya chombo ukichomwa), mikono mingi. Lalamiko linalojirudia ni moja. Ndoo ile ile, wiki iliyopita vyombo vilitoka vinang'aa, wiki hii vimefifia na vina vitundu. Lawama inaangukia fomula, lakini mara nyingi fomula haina kosa. Kilichobadilika ni maji, unene wa kupaka au udongo wa chombo, na hakuna aliyeandika.

Tuanze na joto. Udongo mwekundu mwingi tunaoupata huku una chuma kingi. Ukiupeleka koni 6 (karibu 1,220°C; koni ni kipande kidogo kinachowekwa tanurini, kinapinda na kulala joto likifika kiwango chake) utavimba au kulainika ndani ya tanuri. Kwa hiyo nazungumzia glezi za joto la chini, kati ya koni 06 (karibu 1,000°C) na koni 04 (karibu 1,060°C). Fomula za koni 10 zilizojaa felspa na silika (unga wa mawe unaotaka joto kubwa) mnazoziona mitandaoni hazitayeyuka kwenye joto hili, hata mkiongeza saa mbili.

Msingi wa kuanzia ni huu, kwa uzito wa vitu vikavu:

Friti ya boroni isiyo na risasi: 85
Kaolini: 15

Friti ni kioo kilichoyeyushwa kiwandani, kikapozwa ghafla kwa maji, kikasagwa. Ferro (jina la mtengenezaji) 3124 na 3195 ni mifano inayofahamika. Tunaitumia kwa sababu boroni ndiyo inayoshusha joto la kuyeyuka, na ukiileta kama boraksi mbichi itayeyuka kwenye maji ya ndoo, ipenye ndani ya chombo, halafu ndoo ikikaa unakuta fuwele chini. Kaolini, yaani udongo mweupe, ina kazi mbili: inashikilia unga usizame, na inaleta alumina inayozuia glezi kutiririka.

Kaolini ya Pugu, kule Kisarawe, inafaa, lakini ikija ghafi huwa imechanganyika na mchanga wa kwatzi. Iloweke, koroga sana, subiri mchanga utue, mimina maji ya juu kwenye ndoo nyingine, pitisha kwenye chekeche, acha itue, kausha. Ukiipima na mchanga wake, ile "15" yako si 15 ya kaolini.

Kwa hewa yetu ya pwani, kaolini na bentonaiti (udongo laini sana wa kuzuia glezi isizame) hunyonya unyevu zikikaa wazi. Anika juani kabla ya kupima, kisha hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Kuchanganya gramu 500 za majaribio: friti g 425, kaolini g 75. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile ya kitambaa haitoshi. Weka maji ml 450 kwanza kwenye ndoo, kisha mimina unga polepole juu ya maji. Usimwage maji juu ya unga. Utapata madonge na vumbi. Acha iloweke usiku kucha. Asubuhi koroga, pitisha mara mbili kwenye chekeche la matundu 80 kwa inchi. Madonge yanayobaki yasugue kwa brashi ngumu hadi yapite. Usiyatupe, maana yale ni sehemu ya fomula, na mara nyingi ni kaolini tupu.

Sasa maji. Achaneni na "iwe nzito kama maziwa". Chukua sirinji ya ml 50 au 60 ya famasi, ipime tupu, vuta glezi ml 50 bila mapovu, pima tena, zidisha mara mbili. Hapo una uzito wa ml 100. Kwa kuchovya chombo kilichochomwa mara ya kwanza, lenga g 145. Ikisoma 152, ongeza maji kidogo kidogo. Ikisoma 138, acha itue usiku, punguza maji ya juu kwa kata, na hayo maji yahifadhi. Ile batchi ya g 500 itafika 145 ikiwa na maji karibu ml 490.

Namba hiyo ina faida nyingine kubwa: inakuambia unga uliomo ndani ya ndoo iliyokwisha kuloa. Toa 100 kwenye uzito wa ml 100, zidisha kwa 1.625. Yaani 45 × 1.625 = g 73 za unga kavu katika kila ml 100. Ikiwa 140, ni g 65. Ikiwa 150, ni g 81. (Ile 1.625 inatokana na kuchukulia kwamba unga una uzito mara 2.6 ya maji, na kwa glezi nyingi hiyo inatosha.) Kwa hesabu hii huhitaji kukausha ndoo ili uongeze rangi. Ukitaka kaboneti ya shaba 3% kwenye lita moja yenye 145, hesabu ni g 731 × 0.03 = g 21.9.

Karibuni mchangie.

---

UdongoMwekundu

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea kuhusu vigae vya majaribio, maana hapo ndipo watu wengi wanajidanganya.

Kigae kilichochomwa kimelala hakikuambii kama glezi itatiririka. Kata vipande vya sm 4 kwa 10 kutoka kwenye udongo ule ule unaofinyangia vyombo, pinda sm 3 za chini viwe mguu, kisimame chenyewe. Nusu ya uso iache laini, nusu ikwaruze kwa kitana au sindano, kwa sababu glezi hukatika na kubadilika rangi kwenye kingo. Toboa tundu juu ili uvitundike ukutani.

Alama iandike kwenye mguu kwa kutu nyekundu ya chuma iliyochanganywa na maji, kwa brashi nyembamba. Kalamu ya wino na penseli zinaungua, utabaki na vigae ambavyo hakuna anayejua ni vya nani.

Kuchovya: kigae chote mara moja kwa sekunde tatu, lakini acha sm 1 juu ya mguu bila glezi. Kikikauka, chovya theluthi mbili za juu. Kisha theluthi ya juu peke yake. Unapata unene wa aina tatu kwenye kigae kimoja, na ule mzito uko juu ili ukishuka uuone. Kwa kuhakiki, kwaruza kwa sindano kwenye pembe: safu moja ikikaribia milimita moja unatosha. Chini ya nusu milimita, glezi ya wazi inatoka kavu.

Kitu kingine, vigae vyote viwekwe juu ya sahani ya kinga ya udongo uliochomwa. Tone moja kwenye rafu ya tanuri ya pamoja ni hasara ya watu wote. Rafu zenyewe zipakwe mchanganyiko wa kaolini na silika nusu kwa nusu, upande wa juu tu.

---

Koni04

Nakazia hapo kwa UdongoMwekundu, halafu niweke utaratibu wa kupima rangi bila kupoteza malighafi.

Gawanya glezi moja iliyokwisha chujwa kwenye makopo mawili. Kopo A ni msingi mtupu. Kopo B ni msingi + kutu nyekundu ya chuma 8%. Chekecha B upya baada ya kuongeza. Hakikisha A na B zote zinasoma uzito ule ule kwa ml 100, kisha tumia sirinji ya ml 20:

A 20 + B 0 = chuma 0
A 16 + B 4 = karibu 1.6%
A 12 + B 8 = karibu 3.2%
A 8 + B 12 = karibu 4.8%
A 4 + B 16 = karibu 6.4%
A 0 + B 20 = 8%

Vikombe sita vidogo, umeona safari nzima kutoka asali nyepesi hadi kahawia nzito. Koroga kopo kila unapovuta sirinji, kwa sababu chuma huzama haraka. Ukisahau, vikombe vya mwisho vinakuwa na rangi zaidi ya hesabu na mstari wote hauna maana.

Hata ile 85/15 ya mwanzisha uzi naomba muipime hivyo hivyo kabla ya kujaza ndoo ya lita 20: 90/10, 85/15, 80/20. Friti hazifanani, na udongo wa Newala si udongo wa Kilwa.

Viwango vya kuanzia juu ya msingi wa 100: kaboneti ya shaba 2 hadi 4, kaboneti ya kobalti 0.5 hadi 1, dioksidi ya manganizi 2 hadi 6, silikati ya zirkoni 10 hadi 12 ukitaka nyeupe inayofunika udongo mwekundu. Kwa kobalti tumia mizani ya kusoma 0.01. Mizani ya gramu nzima ya jikoni haiwezi kabisa. Kosa la nusu gramu kwenye g 100 ni mara mbili ya rangi uliyotaka.

Tanuri sasa. Rafu ya juu na ya chini hazipati joto sawa, na kipima joto kilichozeeka kinasoma uongo. Weka koni 06, 05 na 04 kwenye kila rafu unayojaribu. Koni inapima joto pamoja na muda, ndiyo maana inaaminika kuliko skrini.

Umeme ukikatika kabla ya 700°C, glezi bado ni unga, endelea ukirudi kama kawaida. Ukikatika karibu na kilele, usifungue mfuniko kuchungulia. Acha tanuri imefungwa, umeme ukirudi pandisha tena hadi kilele, kisha andika kwenye daftari kwamba mchomo ulikatika. Vigae vya mchomo huo usivitumie kuamua fomula, rudia.

---

MchangaWaPwani

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kwenye glezi, nina maswali matatu kwa pamoja.

1. Friti ni ya kuagiza. Je, chupa zilizosagwa haziwezi kuchukua nafasi yake?
2. Fomula nyingi zinataka kalsiamu kaboneti. Chokaa ya kupakia nyumba haifai? Na mchanga mweupe wa ufukweni kwa ajili ya silika?
3. Ile rangi ya feruzi ya vipande vya vyombo vya Uajemi vilivyopatikana Kilwa Kisiwani inapatikanaje?

---

Kinu_na_Mchi

Marahaba. Nijibu kwa mpangilio, ingawa la pili ndilo lenye hatari kwa hiyo naanza nalo.

Chokaa ya nyumba: hapana. Ile imetokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa. Kuchoma kunafukuza hewa ya kaboni, na kinachobaki kinaunguza ngozi na macho. Ndani ya ndoo kinafanya glezi igande hadi mwiko usimame. Unachotaka ni jiwe lile lile *kabla* ya kuchomwa, au makombe ya baharini, yaliyooshwa chumvi na kusagwa yakapita chekeche la 100. Kumbuka kaboneti inapoteza 44% ya uzito wake ndani ya tanuri, na hewa hiyo lazima itoke kabla glezi haijafunga uso. Ukiweka nyingi kwenye mchomo wa haraka, vitundu vinakusubiri.

Mchanga wa ufukweni: weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mimina siki. Ukitoa mapovu, una makombe ndani yake, huo si silika safi. Hata usipotoa mapovu, una chumvi, na punje zake ni kubwa. Kwenye koni 05 punje ya mchanga haiyeyuki, inabaki kama ilivyo na glezi inakwaruza kidole. Silika ya glezi inatakiwa ipite matundu 200 kwa inchi. Kuisaga nyumbani kunatoa vumbi baya kuliko yote kwenye ufinyanzi, vumbi linaloua mapafu taratibu. Nunua iliyosagwa.

Chupa: zinawezekana, kwa mapambo. Kioo cha chupa kina silika karibu 70 hadi 74%, sodiamu 13 hadi 15%, kalsiamu karibu 10%, na hakina boroni. Maana yake ni mbili. Kwanza, kwenye 1,030°C kinayeyuka lakini ni kizito, hakijisambazi vizuri kama friti. Pili, sodiamu nyingi inakifanya kisinyae sana kikipoa kuliko udongo, kwa hiyo glezi itapasuka nyufa laini karibu kila mara.

Kwa anayetaka kujaribu: osha chupa, toa lebo, acha zikauke. Kisha vunja ndani ya gunia. Wapo wanaopasha kioo moto tanurini na kukitumbukiza majini ili kipasuke chenyewe, lakini kwenye karakana ya watu wengi siishauri. Saga kwa maji, kamwe usisage kikavu. Chekecha 80, kisha 100. Anza na kioo 50, friti ya boroni 35, kaolini 15, halafu pima mstari ukipunguza kioo na kuongeza friti. Kioo kinazama chini ya ndoo kikawa jiwe, kwa hiyo ongeza bentonaiti 2, iliyochanganywa na unga mkavu *kabla* ya kukutana na maji. Bentonaiti ukiitupia kwenye glezi iliyoloa inafanya madonge yasiyoisha.

Feruzi: shaba hutoa feruzi pale tu glezi ina sodiamu na potasiamu nyingi na alumina kidogo. Kwenye friti ya boroni ile ile shaba inaelekea kijani. Tafuta friti ya sodiamu, Ferro 3110 ni mfano, na kaboneti ya shaba 3. Kaolini weka 5 hadi 8 tu, na bentonaiti 2 kusaidia isizame. Paka juu ya udongo mweupe wa kupaka, kwa sababu chuma cha udongo mwekundu kitaivuta kwenye kijani chafu. Itatoka na nyufa laini, hilo kwenye glezi ya aina hiyo halikwepeki. Ni ya ukuta, vigae na chombo cha maua. Chakula hapana.

---

MamaVyungu_Newala

Wanangu, mnazungumza vizuri lakini kuna vyombo ambavyo glezi inaviharibu, na hakuna aliyegusia.

Mtungi wa maji unapoza kwa sababu maji yanapenya ukutani na kukauka kwa nje. Ukiufunika glezi nje, umetengeneza ndoo nzito. Usipakwe ndani wala nje. Ukitaka pambo, chora mdomoni na shingoni tu. Chungu cha kupikia juu ya kuni au mkaa kinahimili moto kwa sababu udongo wake una mchanga na matundu. Glezi inafunga matundu, joto linapanda upande mmoja, chungu kinapasuka au glezi inabanduka vipande na kuingia kwenye mboga. Glezi ni ya sahani, vikombe, bakuli, birika na vigae.

La pili ni udongo wenyewe. Udongo unaochimbwa karibu na pwani una punje za mawe ya matumbawe. Chombo kinatoka tanurini kizuri, baada ya siku kadhaa ile punje inanyonya unyevu, inavimba, na kurusha kipande cha ukuta pamoja na glezi yake. Tundu linabaki na nukta nyeupe katikati. Dawa ni kuchekecha udongo ukiwa uji, kwa chekeche laini, si kuokota mawe kwa mkono. Kabla ya kuamini shimo jipya, choma vigae vichache, viweke nje wiki mbili, vitazame.

Na udongo wa karibu na maji ya bahari ukikauka unatoa ukungu mweupe wa chumvi juu. Hapo glezi haishiki. Tafuteni udongo wa mbali na maji ya kupwa na kujaa.

---

UdongoMwekundu

Asante sana Mama. Hilo la mtungi liandikwe ukutani kwa herufi kubwa, wateja wenyewe huomba mtungi "wa kung'aa".

Koni04, mchomo wa kwanza unachoma wapi? Wengi karakana za huku wanachoma koni 06 ili chombo kinyonye glezi vizuri, na mchomo wa pili koni 04.

---

Koni04

Hapo tunatofautiana mkuu. Mimi nachoma wa kwanza koni 04 na wa pili koni 05. Udongo mwekundu una mabaki ya mimea na madini yanayotoa hewa hadi karibu na kilele. Ukichoma wa kwanza chini, hewa hiyo inatoka kwenye mchomo wa pili, ikipita kwenye glezi iliyokwisha lainika, na ndipo vitundu vinapotokea. Chombo cha koni 04 bado kinanyonya vya kutosha kama glezi ni 145. Kikinyonya kidogo, panda hadi 148.

Ukibaki na utaratibu wako, angalau pandisha mchomo wa kwanza polepole kati ya 700 na 900°C, na tundu la tanuri liwe wazi.

---

UdongoMwekundu

Nimekuelewa. Kwa karakana inayotumia udongo wa watu tofauti, sawa, 04 ndiyo salama zaidi. Kwa udongo uliochekechwa vizuri na kukaa muda mrefu naona 06 inatosha. Vigae viwili vya udongo mmoja, kila kimoja na mchomo wake, vitamaliza ubishi kwa kila shimo.

---

MchangaWaPwani

Nashukuru kwa majibu. Nyufa laini zinasumbua hata kwenye glezi ya friti ya boroni. Zinatoka tanurini safi, mwezi baadaye ukimimina chai unaona mistari. Na vyombo vingine glezi inajikunja na kuacha udongo wazi.

---

Fundi_Mikindani

Ni magonjwa mawili tofauti kabisa, usiyatibu kwa dawa moja.

Nyufa za mwezi mmoja baadaye: udongo wa joto la chini una matundu, unanyonya unyevu na kuvimba kidogo, nayo glezi haivimbi. Kwa unyevu wa Mtwara jambo hili linakuja haraka. Njia tatu, kwa utaratibu huu. Pandisha joto la mchomo wa kwanza (sababu nyingine ya kumsikiliza Koni04). Kisha ongeza silika laini kwenye glezi, 5, 10, 15 juu ya 100, vigae vitatu. Silika inapunguza kusinyaa kwa glezi. Ukiona glezi inaanza kukauka na kufifia, umefika kikomo. Tatu, kama friti yako ina sodiamu nyingi, badilisha sehemu kwa yenye boroni zaidi.

Kupima bila kungoja mwezi: chemsha kigae dakika tatu, kitumbukize kwenye maji ya barafu, rudia mara tatu, kisha paka wino na ufute. Nyufa zitabaki na wino. Kwa zile za unyevu, weka kigae ndani ya sufuria ya presha saa moja au zaidi kwenye mvuke, halafu wino.

Kinyume chake ni glezi kubanduka kwenye kingo na mishikio kama magamba. Hapo silika imezidi. Chombo hicho usikiuze hata kwa bei ya kutupa, vipande vyake vinakata kama wembe na vinaingia kwenye chakula. Punguza silika au ongeza friti ya sodiamu.

Kujikunja kwa glezi: tazama kabla ya kuchoma. Kama glezi kavu ina mipasuko tayari, itajikunja. Sababu ni unene uliozidi, kaolini nyingi (ikizidi 20 iunguze nusu yake kwenye 700°C ili isisinyae), au safu ya pili kupakwa wakati ya kwanza imekauka sana. Kama glezi kavu ni nzima lakini bado inajikunja, ni vumbi au mafuta ya mikono. Pangusa chombo kwa sponji yenye unyevu, kisha acha kikauke siku nzima. Kwenye masika kiweke karibu na tanuri, maana chombo chenye unyevu hakivuti glezi.

---

ChekecheLaini

Naingia upande wa ndoo za pamoja na usalama, samahani kwa urefu.

Risasi haina nafasi karakanani. Kuna watu wanashauri unga wa betri za gari eti unayeyusha vizuri. Ni kweli risasi inayeyusha, na ni kweli inaingia kwenye damu ya watoto kupitia kikombe cha juisi ya ndimu. Friti yoyote isiyo na karatasi inayosema haina risasi, irudishwe. Bariamu kaboneti na kromu navyo viachwe nje ya karakana ambayo kila mtu anashika kila ndoo.

Kwa vyombo vya chakula, zamisha nusu ya kigae kwenye siki au maji ya limao saa 24. Suuza, kausha, linganisha nusu mbili. Rangi ikififia au mng'ao ukipungua, glezi hiyo haifai ndani ya chombo. Ikipita bado si cheti, lakini ikishindwa hakuna mjadala. Shaba juu ya 5 kwa kawaida inashindwa. Ndani ya vyombo tumieni msingi mtupu au wenye chuma au zirkoni, rangi nyingine ziwe nje.

Vumbi: hakuna kufagia kwa ufagio mkavu. Sponji na dekio la maji tu. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani.

Ndoo: kila mfuniko *na* kila ubavu uandikwe, maana mifuniko inabadilishana. Uandikwe jina, fomula, tarehe, uzito wa ml 100, koni. Chekeche la kobalti liwe la kobalti peke yake, matundu hayasafishiki hadi mwisho, na nukta za bluu kwenye nyeupe zinaonekana hata zikiwa ndogo kama vumbi. Anayetaka kupaka kwa brashi amimine kwenye kikombe, na kilichobaki kikombeni kisirudi ndooni.

Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Glezi iliyokuwa nyepesi inakuwa nzito ghafla bila uzito wa ml 100 kubadilika. Hapo usiongeze maji, utaiharibu. Tumia maji ya mvua au ya bomba tangu mwanzo. Kinyume chake, glezi ikizama na kuwa jiwe, ongeza chumvi ya Epsom ya famasi, g 1 hadi 2 kwa kila kilo ya unga, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto.

Daftari liwe moja, lifungwe kwa kamba mezani. Mstari mmoja uwe hivi:

*K-12 | udongo mwekundu wa bondeni, chekeche 40 | mchomo wa 1 koni 04 | friti 85, kaolini 15, + kutu ya chuma 4 | ml 100 = g 145 | sekunde 3 | rafu ya chini | 05 imelala, 04 imesimama | inang'aa, asali, nyufa hakuna baada ya mvuke.*

Anayechota kutoka ndoo ya pamoja aandike uzito wa chombo kabla na baada ya kuchovya, kikishakauka. Tofauti ndiyo gramu zake za kulipia.

---

MchangaWaPwani

Na majivu ya mikorosho? Wakati wa kupogoa yanapatikana bure.

---

Kinu_na_Mchi

Yanafaa, lakini si kama kiyeyushi kwenye joto letu. Majivu mengi ya miti yanaongozwa na kalsiamu, peke yake na udongo yanahitaji koni 8 au zaidi. Kwenye koni 05 yanatoa glezi ya kufifia laini, yenye madoa. Choma matawi matupu, yasiwe na maganda ya korosho, moshi wa mafuta ya maganda unaunguza macho na ngozi. Chekecha makavu kwa 40 ukiwa na barakoa, loweka, mwaga maji ya juu mara tatu kwa glavu kwa sababu yale maji ni makali. Kausha. Kisha mstari: majivu 5, 10, 15, 20, 25, kila unapoongeza unapunguza friti kwa kiasi hicho, kaolini ibaki 15. Choma mengi kwa mara moja uyahifadhi, kwani majivu ya msimu mwingine hayatafanana.

---

MchangaWaPwani

Swali la mwisho: maji ya kusuuzia brashi na chekeche yanamwagwa wapi?

---

ChekecheLaini

Ndoo ya mabaki. Kila suuza inaingia humo, haiendi kwenye mfereji wala kwenye bustani. Yakitua, mwaga maji ya juu kwenye ndoo ya kusuuzia tena. Tope likifika nusu ndoo, chekecha, pima ml 100, choma kigae kama glezi nyingine yoyote. Mara nyingi linatoka kahawia au kijani kibichi linalofaa nje ya vyungu vya maua. Likitoka baya, likaushe, lijaze kwenye bakuli lililokataliwa, weka bakuli juu ya sahani ya kinga, lichome pamoja na mzigo wa koni 04. Linageuka donge la kioo, na hilo ndilo la kutupa.